Kikorea: 먹다, 드시다 au 잡수시다? "Kula" imenishinda

Mgeni_Daegu: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa lugha hapa Daegu, mwezi wa tano sasa. Jana nimekutana na profesa wetu kwenye ngazi, mzee wa miaka sitini na kitu, nikajitia ufundi: 교수님, 밥 먹었어요? (gyosunim, bap meogeosseoyo?), yaani profesa, umekula? Akacheka, akaitikia. Mwenzangu Mkorea akanivuta shati pembeni: ungesema 드셨어요 (deusyeosseoyo), kutoka 드시다 (deusida). Kitabuni nakuta kuna 잡수시다 (japsusida) na 식사하다 (siksahada) pia. Kula moja, vitenzi vinne! Nyie mnatumia kipi, wapi? Ijumaa tunakula naye.

Binti_Ng'ambo: Pole, hujamtukana. Umemsalimia mzee "mambo", basi. Ile -yo ya mwishoni ni adabu kwa unayeongea naye. Heshima kwa *anayekula* ni kitu kingine, inakaa ndani ya kitenzi chenyewe, na hapo ndipo wengi tunateleza. Rafiki: 먹었어? (meogeosseo). Mtu wa rika lako usiyemzoea: 먹었어요. Profesa, bosi, mama mkwe: 드셨어요, au 식사하셨어요 (siksahasyeosseoyo). Hiyo ya mwisho mimi naipenda ofisini, haina harufu ya jikoni.

Mzee_wa_Kimchi: Japsusida msiitupe. Nimeoa Mkorea, na bibi yake yuko kijijini Jeolla, kazeeka. Kwake ni 진지 잡수셨어요? (jinji japsusyeosseoyo). Hata chakula kinabadilika jina, *bap* inakuwa *jinji*. Lakini kwa profesa itazidi, kama kumpigia magoti karani wa benki.

Mgeni_Daegu: Sasa mbona wiki iliyopita, mbele ya profesa huyohuyo, darasa zima lilisema 잘 먹겠습니다 (jal meokgesseumnida), "nitakula vizuri", kabla ya kushika kijiko? Hapo heshima ilienda wapi?

Binti_Ng'ambo: Wanaokula ni wao wenyewe! Mtu hajipi heshima. Ukisema 저는 드셨어요 (jeoneun deusyeosseoyo), "mimi nimekula" kwa kujiheshimu, ni sawa na kujipa shikamoo kwenye kioo. Ukiulizwa 드셨어요? jibu 네, 먹었어요 (ne, meogeosseoyo), ndiyo, nimekula. Mimi mwezi wa kwanza nilirudisha kilekile nilichosikia; meza ikanyamaza, halafu katoto ka miaka saba kakaangua kicheko. Sijasahau mpaka leo.

Kahawa_Tungu: Mimi napingana kidogo na mpangilio wenu. Anayeanza ashike 드시다 kwanza, maana inabeba kula na kunywa kwa pamoja: 커피 드세요 (keopi deuseyo), karibu kahawa. Kwenye mgahawa wahudumu wanakuletea sahani na 맛있게 드세요 (masitge deuseyo), yaani kula kwa raha, utaisikia mpaka uiote.

먹다 (meokda) ndiyo yenye vituko. Dawa sisi tunakunywa, wao wanakula: 약을 먹다 (yageul meokda). Supu wanakula. Woga wanakula, 겁을 먹다 (geobeul meokda). Ukitukanwa umekula matusi, 욕을 먹다 (yogeul meokda). Kipa akifungwa, goli kalila. Na umri unaliwa: 나이를 먹다 (naireul meokda). Hiyo ilinikumbusha wazee wetu waliokula chumvi nyingi. Sisi wa kula kiapo, kula njama na kula hasara hatuna cha kushangaa hapo.

Mzee_wa_Kimchi: Hahaha, kweli. Na matamshi jamani: ile k ya *meok* ikikutana na n inageuka ng', kwa hiyo 먹는 inasomeka "meong'neun". Ng' ya ng'ombe tunayo tangu utotoni, usijibane na herufi za kitabuni.

Binti_Ng'ambo: Ijumaa subiri ashike kijiko yeye kwanza. Kitenzi kizuri hakitakuokoa ukimtangulia mzee mezani.

Mgeni_Daegu: Nimerudi na ripoti. Nilisubiri kijiko. Nikasema 교수님, 많이 드세요 (gyosunim, mani deuseyo), profesa, karibu ule sana. Akanijibu papo hapo: 너도 많이 먹어 (neodo mani meogeo), nawe kula sana. Mimi napandisha, yeye anashusha, na wote tumeongea vizuri! Kilichoniponza ni kuagiza 미역국 (miyeokguk), supu ya mwani. Meza nzima ikanizuia: Jumapili nina TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea, na kwao "kula miyeokguk" maana yake ni kufeli, kwa sababu mwani unateleza. Profesa mwenyewe akamwita mhudumu akanibadilishia, nikaletewa ya kimchi.