Kisu cha almasi cha kukatia sampuli zilizogandishwa: digrii 25, 35 au 45?

mpasua_ini: Wakuu naombeni ushauri, lab yetu imepata hela ya kisu kimoja tu cha almasi, mpaka sasa tunahangaika na visu vya kioo. Tunafanya Tokuyasu (njia ya kukata slaisi za tishu iliyogandishwa kwa ajili ya hadubini ya elektroni), ini linafiksiwa kwa kemikali ili lisiharibike, linalowekwa kwenye sukrosi 2.3 M, linagandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, tunataka slaisi za nanomita 70 hivi za kuweka antibodi na chembe za dhahabu. Nichukue kisu chenye pembe ya makali ya digrii ngapi?

Bi Baridi: 35, tena kile cha kazi za imuno, yaani za antibodi kama zenu. Pembe ikiwa ndogo slaisi haibanwi sana na kisu wakati wa kukata ila makali nayo yanakuwa membamba, yanameguka upesi, na nyie mnaanza kwahiyo 25 mtaiua mapema.

kraiyo255: Naomba nitofautiane kidogo, 25 ina kazi yake. Sisi tunafanya CEMOVIS (slaisi inatazamwa kwenye hadubini ya elektroni ikiwa bado imeganda), sampuli inagandishwa kwa presha ya bar 2,000 hivi ili maji yasiunde fuwele, tunakata kwenye joto la -150°C, ikipanda kupita -135 barafu inaanza kugeuka fuwele na sampuli imekwenda. Slaisi haiyeyuki mpaka inaingia kwenye hadubini, maana yake ikibanwa imebanwa, seli ya duara unaiona imekuwa yai. Hapo 25 inasaidia kweli

Bi Baridi: Sawa mkuu, lakini ndo hapo Tokuyasu inapotofautiana, slaisi unaiokota kwa kitanzi chenye tone la sukrosi na methiliselulosi, inayeyuka juu ya tone inajitandaza yenyewe, sehemu kubwa ya ule mbano inaondoka. Sasa ulipie makali dhaifu ya nini?

mpasua_ini: Nimeelewa, na 45?

kraiyo255: Hiyo ni ya vitu vigumu, watu wa plastiki na raba. Kwa ini achana nayo.

Dada Nano: Jamani msisahau kutrimu, yaani kuchonga bloku la sampuli kabla ya kukata slaisi!! Kisu kipya kinaharibika kwa watu kuparuzia bloku zima. Trimu kwa kisu cha kioo kwenye -80°C au -100°C mpaka upate uso mdogo, mraba safi, ndo ushuke -120°C uweke almasi. Kusafisha subiri kipate joto la chumba kikauke, pitisha kijiti cha polistirini kufuata urefu wa makali, usikatize hata siku moja. Na kabla ya kulipa uliza bei ya kunoa upya, tena hela ikibaki nunua kifaa cha kuondoa umeme tuli, bila hicho slaisi zinaruka au zinang'ang'ania kisu na utalaumu digrii bure