Naombwa "ya chai" ili nilipwe haki yangu. Nifanyeje?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni seremala hapa Lamu. Kupitia ile asilimia 30 ya zabuni za serikali wanayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nilipata kazi ya madawati. Mbao nikakopa, madawati yakakaguliwa, yakapokewa. Sasa malipo yamekwama kwa afisa mmoja anayetaka asilimia kumi ndipo faili isogee.

Ami yangu asema, "Toa tu mwanangu, ndiyo desturi." Wenzangu watoa, tena huitia hongo kwenye bei tangu mwanzo. Aliyepiga bei ya haki ndiye anayeumia, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Inataka hata biashara binafsi iwe na utaratibu wa kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake. Utaratibu gani, na karakana yangu ina vijana wawili na randa moja?

Kuna aliyewahi kuripoti EACC, ile tume ya Kenya ya kupambana na ufisadi, kisha akapata zabuni nyingine? Sheria yamlinda mtoa habari, ila Amu, yaani Lamu yetu, ni ndogo, sote twajuana. Nawaza pia kwenda Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, nilalamikie ucheleweshaji peke yake bila kutaja hongo. Itasaidia, au nianze na barua ya wakili? Mwenye mbao apiga simu kila asubuhi.