Tupeane uzoefu: kununua gemu za kompyuta mtandaoni ukiwa Mwanza, nani hajawahi kulia?

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Wakuu habari za jioni. Leo mdogo wangu kanijia na ile sauti ya upole ya kuombea hela. Anataka kadi yangu ya mtandaoni, kuna gemu la dola 15 kaliona Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Nikakumbuka enzi zetu: unapanda daladala kutoka Nyakato hadi mjini, unachomewa DVD Makoroboi, unafika nyumbani diski ya tatu inakwama asilimia 87. Ukirudi, jamaa anakuuliza, "Una uhakika kompyuta yako haina virusi?" Madogo wa sasa wanabonyeza tu. Ila na huko nako nimeshapigwa, kwa hiyo sina wa kumcheka. Leteni visa vyenu, raha na kilio.

DagaaKavu:
Kilio ni bando. Nimemaliza.

MtotoWaNyegezi:
Nakazia. Nilinunua gemu dola 9 kwenye punguzo la Desemba, nikajiona mjanja. Kulishusha, GB 70. Bando lilikula hela kuliko gemu lenyewe. Siku ya pili linadai sasisho la GB 18. Nikazima kompyuta, nikaenda zangu Kirumba kula sato.

Fundi_Igoma:
Mnateseka bure. Tafuta mwenzako mwenye gemu hilo hilo, nakili folda yake kwenye diski ya nje, ipachike kwako kwenye folda ya Steam, kisha bonyeza kusakinisha. Inakagua mafaili na kushusha yaliyopungua tu. Bado lazima uwe umelinunua kwa akaunti yako, hii siyo kraki ya kuchezea bila kulipa. Na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupanga saa za masasisho, weka usiku wa manane.

DagaaKavu:
Usiku wa manane umeme wa nani?

Mama_Wawili:
Mimi sichezi, ila nina la kusema. Mwanangu aliniomba kadi "mara moja tu mama". Namba zikabaki kwenye akaunti yake. Wiki ile nikaona shilingi 12,000, tena 12,000, tena 26,000. Nikadhani nimeibiwa, nikapiga simu benki nikiwa na hasira zangu zote. Kumbe ni sarafu za kununulia nguo za mtu wa kwenye gemu. Nguo! Na yeye mwenyewe suruali ya shule ina kiraka. Wazazi, kwenye hiyo kadi wekeni hela ya siku hiyo tu.

SangaraMbichi:
Uzi huu umenitonesha. Nilikuwa BTP, yale mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja kisiwani Ukerewe, jina nalihifadhi. Wanafunzi wa ualimu tulikuwa watatu, na mimi ndiye "anayejua kompyuta". Ofisi ikanikabidhi modemu yenye bando la mwezi mzima la kuingizia alama. Na mimi nilikuwa na gemu langu la mpira, nimelilipia kwa hela ya kujikimu, GB 62, halijashushwa hata robo.

Wakuu, shetani ana modemu.

Nikawa nalala ofisini, eti nasahihisha madaftari. Laptopu naiweka chini ya meza, naifunika kanga ili taa isionekane dirishani. Usiku wa tatu nipo asilimia 61. Nasikia viatu. Mlango unafunguliwa, mkuu wa shule na tochi, nyuma yake mwalimu wa taaluma na faili. "Mwalimu, kumbe alama mwisho ni leo saa sita usiku. Tuingize." Naangalia saa, saa nne na nusu. Nawasha kompyuta ya ofisi, nachomeka modemu, ujumbe unaingia: bando lako limeisha.

Ngoja nihudumie mteja, narudi.

MtotoWaNyegezi:
Wewe! Rudi hapa.

DagaaKavu:
Ukiacha kisa hapo tunapanda meli ya Nansio kukufuata.

Wakili_Mtoro:
Wakati tunamsubiri: mnasema "kununua", ila mnachopewa ni leseni ya kutumia. Gemu la The Crew la kampuni ya Ubisoft lilitoka 2014, seva zikazimwa 31 Machi 2024, hata aliyelipia bei kamili hawezi kulicheza. California wakatunga sheria, tangu Januari 2025 duka haliruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja kuwa anapata leseni.

Fundi_Igoma:
Sasa ulitaka turudi kwenye diski za kuchomewa? Ule ulikuwa wizi, wakili.

Wakili_Mtoro:
Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Kuna duka jingine la gemu, GOG, wanakuachia faili lenyewe la kusakinisha, unalihifadhi kwenye diski yako, siku duka likifa gemu bado unalo. Hapo ndipo pa kununua.

Fundi_Igoma:
GB 60 za kuhifadhi utaziweka wapi, kwenye kibuyu?

Wakili_Mtoro:
Kwako Igoma.

Mama_Wawili:
Mnagombana, na mwenye kisa bado hajarudi.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:
Mimi niliuziwa namba ya kufungulia gemu nusu bei kwenye tovuti ya uchochoroni. Wiki tatu safi, ya nne gemu limefutwa kwenye akaunti, namba ilikuwa ya wizi. Siku hizi nangoja gemu za bure za duka la Epic, kila Alhamisi jioni zipo. Ninazo nyingi, sijafungua hata tano.

SangaraMbichi:
Nimerudi. Nikasema, "Mkuu, mtandao kisiwani unasumbua." Akanitazama bila neno. Akatoa simu yake, akawasha hotspoti, tukaingiza alama kwa bando lake mwenyewe. Natetemeka, taaluma ananisomea, "Hamsini na mbili. Nimesema hamsini na mbili, mwalimu, siyo ishirini na tano." Saa sita kasoro dakika kumi tumemaliza. Nikashusha pumzi.

Kalamu ya mkuu ikaanguka. Akainama. Kimya. Halafu: "Mwalimu, huku chini kuna kitu kinapumua."

Feni ya laptopu. Akafunua kanga kwa ncha mbili za vidole, kama anafunua maiti. Nikaeleza yote. Akauliza, "Gemu la nini?" Mpira, mkuu. "Simba imo?" Haimo, mkuu. Akamgeukia taaluma: "GB sitini na mbili, na Simba haimo."

Adhabu ilikuwa kufundisha kila Jumamosi hadi naondoka. Nililimalizia nyumbani mwezi uliofuata, liliendelea pale pale kwenye 61. Kulifungua, laptopu haina kadi ya picha ya kulibeba. Kuomba hela irudi, siku zimeshapita.

Fundi_Igoma:
Pole sana. Steam ni siku 14 tangu ununue, na uwe hujafikisha saa mbili za kucheza. Soma vigezo vya kompyuta kabla ya kulipa.

MtotoWaNyegezi:
Au lipa siku ya kumaliza kukopi kwa mshikaji, siyo kabla.

DagaaKavu:
Mimi naenda kibanda cha gemu Mabatini, mia tano mechi, naondoka na furaha yangu.

Mama_Wawili:
SangaraMbichi, hiyo kanga ilikuwa ya nani?

SangaraMbichi:
Mama, tuishie hapo.