Kodi ya chumba cha barabarani, Uyole, Mbeya (kundi la familia kwenye simu)

JUMAMOSI JIONI

Tusekile: Shikamoo Mama. Shikamoo kaka Lusajo. Wengine habari za jioni. Naomba tuongee habari ya mpangaji wa chumba na sebule upande wa barabarani. Leo ametimiza mwezi wa tatu hajatoa kodi. 80,000 mara tatu, 240,000. Mwezi uliopita aliniambia "wiki ijayo dada", nikasubiri. Sasa hivi nikipiga simu inaita tu mpaka inakata.

Lusajo: Marahaba. Mimi nilishasema tangu mwezi wa kwanza. Nunua kufuli upige mlangoni. Atakutafuta mwenyewe na hela mkononi.

Ipyana: Au tukate umeme.

Tusekile: Ipyana mdogo wangu, mita ni moja kwa vyumba vyote vitatu. Ukimkata yeye umemkata na mwalimu wa chumba cha kati, anayelipa kabla hata tarehe haijafika, na yule mama mwenye kichanga. Na baridi hii ya mwezi wa saba!

Ambakisye: Shemeji Lusajo, kufuli tuliache kabisa. Ukimfungia mtu vitu vyake ndani bila amri, kesi inageuka, wewe ndiye unayeshtakiwa, na akisema kulikuwa na laki tano kwenye godoro utazikanushaje? Kuna ngazi zake. Unaanza na barua ya madai, mwenyekiti wa mtaa anajua. Ikishindikana baraza la kata, ila hao tangu sheria ibadilishwe 2021 wanasuluhisha tu, hawahukumu. Anayetoa amri ya kumtoa mtu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko swali la kwanza utaulizwa mkataba uko wapi.

Lusajo: Mkataba si upo?

Tusekile: Ulikuwa wa miezi sita, aliilipa yote siku anaingia. Ulipoisha akasema atalipa mwezi kwa mwezi, nikamkubalia kwa mdomo. Hapo nilikosea, nakubali.

Mama (ujumbe wa sauti): Hamjambo wanangu. Nimewasikia wote. Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006, chumba hichohicho alikuwa anakaa muuza vitenge. Hakuokoa hata kipande. Kesho yake alikuja kwa baba yenu, akakaa kwenye kigoda, akasema mzee sina kitu. Baba yenu akampa miezi minne, na alilipa yote. Huyu wa sasa anajificha, hilo ndilo linaloniuma. Kukosa hela si aibu. Dawa zangu za presha zinaisha tarehe kumi, na kodi hiyo ndiyo dawa, mnajua. Tusekile nenda ukamwone uso kwa uso. Usiende na hasira.

JUMAPILI MCHANA

Tusekile: Nimetoka huko. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla hajatoka. Alinifungulia mlango nusu, nikaona kwa nini. Sebule nzima ni magunia ya viazi, mpaka chini ya dirisha. Mtoto analala juu ya mkeka kati ya magunia. Yale ya dirishani yamepigwa na mwanga, vingine vimekuwa kijani kabisa, na vingine vimeanza kuota macho. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni anachambua kwa taa ya simu, vibovu huku, vya kuuza huku, vidole vimepasuka kwa baridi.

Hakuzunguka. Aliingia mashambani Uporoto kununua viazi kwa mtaji wote alionao, pamoja na kodi yetu. Kuja kuuza, bei imeshuka, na madalali wanataka lumbesa. Gunia la kilo mia linashindiliwa na kufungwa kilemba juu, analipwa bei ya gunia moja. Akaona bora asubiri bei ipande. Ndio huko kusubiri kumemfikisha hapa. Simu alikuwa hapokei kwa aibu, kanieleza huku anatazama chini.

Lusajo: Pole yake. Lakini dada, alifanya biashara kwa hela ya Mama bila kumuuliza Mama. Hilo lisemwe.

Tusekile: Nimemwambia hivyohivyo kaka, kwa maneno hayohayo. Amekubali. Nimemwambia pia kuchelewa tungevumilia, ila kimya hatukivumilii tena.

Kuna kitu kingine ameniambia na ni haki yake. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, na inamkata yule anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Yeye imemkata mara tano, meseji zote anazo, nimezisoma. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, yaani sisi. 7,500 tumtolee.

Ambakisye: Sahihi kabisa. Na mwalimu muulizeni pia.

Tusekile: Tumekubaliana hivi. Kesho anauza nusu ya magunia kwa bei iliyopo, kabla hayajaharibika yote, analipa miezi miwili. Inayobaki mwisho wa mwezi. Kuanzia hapo tunaacha mambo ya mwezi kwa mwezi, maana hela yake haiji kwa mwezi, inakuja kwa mzigo. Atalipa miezi mitatu mitatu akishauza, kabla hajarudi mashambani. Tunaandika, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Akikosa tena bila kusema, anapewa notisi na mimi sitamtetea.

Ipyana: Mimi naunga mkono. Dawa za tarehe kumi nitatuma mimi leo, Mama asikae roho juu.

Lusajo: Sawa. Weka na tarehe kwenye hiyo karatasi, kwa tarakimu na kwa maneno.

JUMATATU USIKU

Tusekile: Ameleta 152,500. Miezi miwili kasoro ile ya LUKU. Zilikuwa noti za elfu mbili na elfu tano zina vumbi la viazi, nimezihesabu mara mbili mbele yake. Karatasi imesainiwa, picha naituma. Inabaki 80,000, tarehe 31. Mwalimu naye imemkata mara mbili, nitamrudishia 3,000.

Mama (ujumbe wa sauti): Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Umempa stakabadhi?

Tusekile: Nimeandika kwenye karatasi ya daftari tu Mama.

Mama (ujumbe wa sauti): Kile kitabu cha stakabadhi cha baba yenu kipo, ndani ya sanduku chini ya kitanda changu. Kurasa bado nyingi. Njoo ukichukue kesho, uje na karatasi ya kaboni.