Mjadala: Miti, utulivu na wanyama mjini ni afya ya akili au ni mapambo tu?

Mleta mada

Ndugu zangu, bajeti ya mji ikibana, vinavyokatwa kwanza ni miti, bustani na mipango ya kupunguza kelele, kwa sababu vyote vimeandikwa kwenye fungu la kupendezesha mji. Napinga mpangilio huo. Vinastahili kuhesabiwa kwenye afya, hasa afya ya akili, na anayetaka kukata safu ya miti barabarani atoe maelezo mazito sawa na ya mtu anayetaka kufunga zahanati.

Mtu akiamka na moyo mzito tunamuuliza amegombana na nani, anadaiwa na nani. Ni nadra kumuuliza alilala katika joto gani, au malori mangapi yalipita chini ya dirisha lake usiku kucha. Mimi niliishi miaka minne kando ya barabara kuu, katika chumba kinachotazama ukuta, nikajiona mtu mwenye hasira za kuzaliwa. Tulipohamia nyumba yenye uwanja na mti mkubwa nyuma, wanangu ndio walioniambia kwamba sauti yangu imeshuka. Kazi ilikuwa ileile na madeni yaleyale.

Ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi, najua. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa walikuwa 46, wote wamefanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kwa wastani wa chini kidogo ya siku moja, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kuhusu joto, utafiti wa 2018 uliolinganisha kumbukumbu za miongo kadhaa ulionyesha kwamba wastani wa joto la mwezi ukipanda kwa nyuzijoto 1, watu wanaojiua huongezeka kwa asilimia 0.7 Marekani na 2.1 Mexico. Mwaka huohuo ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45.

Jua hatuliamuru. Ila mji ndio unaoamua jua litufikie vipi. Lami na zege hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, saa ambayo mwili unataka kupoa ili ulale. Mti hutoa kivuli, na maji yanayotoka majanini mwake hupooza hewa. Joto la chumbani kwangu saa nane za usiku ni majaliwa kwa sehemu, na kwa sehemu ni kazi ya mipango miji.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na nafurahi kwamba umepata nafuu. Lakini mimi nimeishi na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, miaka mingi, na kila mtu ana bustani ya kunishauri. Toka upunge hewa. Fuga paka. Hamia mahali penye jua. Kilichonisimamisha ni dawa, na mtaalamu aliyenisikiliza kila wiki kwa mwaka mzima. Naogopa siku ambayo wakubwa wa mji watapanda miti mia mbili, wapige picha, kisha waseme wametimiza wajibu wao kwa watu kama mimi.

Tena binadamu tunakosea sana tunapokadiria nguvu ya mazingira. Mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi wa California, jimbo lenye jua jingi, na wale wa majimbo ya kati-magharibi ya Marekani kuhusu kuridhika na maisha. Makundi yote mawili yaliamini kwamba watu wa California wameridhika zaidi. Kila mmoja alipojieleza mwenyewe, makundi yalilingana. Jua huwa kubwa unapoulizwa habari za jua. Ukishalizoea unarudi kuwaza masomo, ndoa na mgongo unaouma.

Kuna na jaribio la watafiti Norbert Schwarz na Gerald Clore la 1983. Waliwapigia watu simu siku za jua na siku za mvua, na wa siku za mvua wakasema hawajaridhika sana na maisha yao. Lakini pale mpigaji alipoanza kwa kuuliza hali ya hewa ikoje, tofauti ikatoweka: mtu akikumbushwa kwamba mvua ndiyo inayomnunisha, hayatwishi tena maisha yake lawama. Na 2013, majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja yalipochambuliwa, hali ya hewa ya siku ile karibu haikuonekana kabisa katika kuridhika kwao.

Kwa hiyo wataalamu kwanza. Miti baadaye.

Mchangiaji wa pili

Milioni moja ni wastani, ndugu yangu, na wastani huficha watu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake walieleza sonona inayokuja na majira: inaingia siku zinapofupika, inaondoka mwanga unaporudi. Tiba yake mojawapo ni kukaa asubuhi mbele ya taa yenye mwanga mkali wa lukisi 10,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa hivi. Hapo mwanga wenyewe ndio dawa, umegeuzwa kuwa kifaa cha mezani. Sasa mkigawa mambo mafungu mawili, tiba huku na mazingira kule, taa ile mtaiweka wapi? Na jengo linaloruhusiwa kuziba jua la nyumba kumi za jirani?

Mchangiaji wa tatu

Mmetaja wanyama kwenye kichwa cha mada na hakuna aliyewagusa. Mimi nina la kusema.

Mwanangu aling'atwa na mbwa wa mtaani akiwa na miaka saba. Alichanjwa, akapona mguu. Miezi minane baadaye alikuwa bado hawezi kwenda shule bila kushikwa mkono, na mimi mwenyewe nilibadilisha njia ya kwenda kazini. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Naomba mtu asiniambie kwamba wanyama wanatuliza moyo bila kusema wanyama gani, wa nani, na nani amewachanja.

Hata hivyo sikatai upande wa pili. Mama yangu mzazi baada ya kufiwa aliongea na paka wake kuliko alivyoongea nasi, na naamini paka yule alimvusha. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini, inayohusishwa na upendo na ukaribu, hupanda kwa wote wawili. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu haikutokea hivyo. Ni uhusiano wa maelfu ya miaka, haukuanza juzi.

Ila ushahidi wa kuishi muda mrefu zaidi kwa sababu ya mnyama umeyumba. Erika Friedmann na wenzake mwaka 1980 waliwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama walifariki 3, na kati ya 39 wasiokuwa nao walifariki 11. Habari hiyo imerudiwa kila mahali. Uchunguzi wa Australia wa 2010 ulipata kinyume: wenye wanyama, hasa paka, ndio waliorudi hospitali au kufariki zaidi. Mji ukitaka kunituliza, uanze na chanjo ya mbwa. Hiyo nayo ni afya ya akili, ingawa imeandikwa kwenye fungu la mifugo.

Mleta mada

Dada, hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza, na linaipa mada nguvu kuliko mifano yangu yote. Hofu ya mtoto njiani ni sehemu ya mji kama ilivyo lami.

Ndugu wa kwanza, nakubali kuhusu jua na mvua za siku moja, nilichanganya mambo. Lakini kuridhika na maisha kwa jumla ni kitu kimoja, na usiku ishirini mfululizo bila usingizi ni kingine. Na sijasema miti ichukue nafasi ya daktari wako. Nisingethubutu.

Ila tazama utafiti wa mji wa Philadelphia, Marekani. Viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura: vingine vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao, vingine vikaondolewa takataka tu, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yalitoka 2018. Waliokaa karibu na vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za sonona kwa asilimia 41.5 wakilinganishwa na walioachiwa viwanja vilevile, na katika mitaa ya walio chini ya mstari wa umaskini kwa zaidi ya asilimia 68. Kuondoa takataka peke yake hakukutosha. Watu hawa hawakuhama wala hawakuambiwa watoke nje. Kilichobadilika ni kile walichokiona wakifungua mlango.

Mchangiaji wa kwanza

Huo nimeusoma, na ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa sababu uligawa kwa kura. Ongeza tu kwamba kipimo cha hali mbaya ya akili kwa ujumla nacho kilishuka, lakini hakikufikia uhakika wa kitakwimu, yaani huenda ilikuwa bahati tu. Na viwanja vile vilifyekwa na kutunzwa miezi yote ya utafiti. Miti mingi ya mijini hupandwa siku ya sherehe na kufa kiangazi cha kwanza.

Nipe jina la fungu litakalomlipa mwagiliaji, mwaka wa kwanza na wa tano, bila kugusa mshahara wa mtaalamu wangu, nami nitaunga mkono.

Mleta mada

Fungu la barabara. Barabara ndiyo iliyokata miti na kuleta kelele. Naomba wanaozijua bajeti za miji waje waseme kama sheria zao zinaruhusu.