Tupeane uzoefu: umewahi kutembezwa Nairobi na mtu anayeijua historia yake?

Mwana wa Makadara

Jamani, siku hizi ukipita katikati ya mji Jumapili asubuhi hukosi kukuta kikundi cha watu wamesimama mbele ya jengo fulani wakitazama juu, na kijana mmoja anawaeleza kwa mikono miwili. Zamani walikuwa watalii watupu. Sasa ni sisi wenyewe, tena wengine tumezaliwa papa hapa. Nataka tukusanye hadithi. Ulitembea wapi? Ulipata nini ambacho vitabu vya shule havikukupa? Wapi uliona unapigwa porojo? Shughuli za makavazi pia zinaingia: maonyesho, siku za familia, vikao vya wazee wa mtaa. Ukiwa na malalamiko kuhusu kampuni, usiitaje jina, hapa si mahakamani.

Nianze mimi. Matembezi niliyoyapenda kuliko yote yalikuwa ya Kenyatta Avenue pekee, asubuhi nzima barabara moja. Tulikaa sana mbele ya Kipande House. Mimi nimepanga foleni ya benki ndani ya jengo hilo tangu nikiwa mwanafunzi, jina naliona mlangoni, basi. Lilijengwa 1913, na ndipo wanaume Waafrika walipokuja kuandikishwa na kupewa kipande, ile karatasi ya kutembea nayo shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Kiongozi wetu hakuhutubu. Aliuliza tu: nani hapa babu yake alivaa kipande? Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu akasema baba yake alikificha darini na hakukitupa hata baada ya Uhuru, eti serikali isije ikaghairi. Watu walicheka, halafu kila mtu akaanza kuulizana ya kwao. Kiongozi akakaa kando akasikiliza. Huyo anajua kazi.

Mtoto wa Reli

Anayetaka kuuelewa mji huu aanzie Makavazi ya Reli, nyuma ya stesheni. Yapo tangu 1971. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa Mei 1899 penye kinamasi na maji baridi ya Wamaasai, na Kisumu ikafikiwa 1901. Bila ile kambi ya reli hakuna Nairobi, hakuna River Road, hakuna matatu wala sisi kubishana hapa.

Injini za zamani ziko nje uwanjani, watoto wanapanda juu na hakuna anayewafokea. Pia kuna behewa ambalo simba alimtoa ndani yake afisa wa polisi aitwaye Ryall usiku akiwa Kima mwaka 1900, na hapo kila mtu anataka picha. Sasa nongwa yangu ni hii: waongozaji wengi wanatumia nusu saa kwa simba na dakika moja kwa wafanyakazi. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa na ajali. Simba hawakufika hata karibu ya hesabu hiyo.

Mzee wangu alikuwa fundi wa karakana, tukalelewa nyumba za reli kule Makongeni. Nilipompeleka pale alisimama kwenye injini moja akaanza kutaja sehemu zake moja baada ya nyingine, na ni zipi huchoma mkono. Kikundi cha shule kilichokuwa kando kikamwacha mwongozaji wao kikaja kwake. Siku hiyo kiingilio kililipa.

Mwalimu wa Gredi ya Sita

Makavazi ya Kitaifa, kule Museum Hill, mimi hupeleka darasa. Ushauri kwa walimu wenzangu: usiwapitishe watoto kila chumba. Wakishaona nyoka hawasikii kitu kingine, kwa hiyo nyoka wawe mwisho.

Wangu niliwasimamisha mbele ya mifupa ya yule mvulana wa Turkana, ya takriban miaka milioni 1.5. Niliwaambia aliyeiona kwanza, mwaka 1984 kule Nariokotome, ni Mkenya, Kamoya Kimeu, na kwamba alianza kwa kuona kipande kidogo tu cha fuvu kikifanana na mawe. Msichana mmoja akauliza alisomea chuo gani. Nikamjibu hakuanzia chuoni, alianza kama kibarua wa kuchimba. Yule mtoto bado ananiletea mawe ofisini.

Ndovu Ahmed nje kwenye ua pia anazua maswali. Mzee Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe kwa sababu ya pembe zake, na ndovu huyo akafa 1974 kwa uzee. Watoto wanauliza: na wale wengine nani aliwatolea amri? Jibu sina.

Mtu wa Eastlands

Wacha mimi niwe mbaya wa siku. Kuna haya matembezi ya kupeleka wageni mitaa ya mabanda. Niliwahi kufuatana na kikundi, kampuni siitaji. Mtu anafua nguo zake mlangoni, wageni kumi na kamera. Hakuna aliyemsalimia. Mwongozaji anasema "hapa watu huishi kwa chini ya dola", kisha twende. Hiyo si historia. Ukinipeleka Kibra niambie habari za Wanubi, wale askari wa King's African Rifles waliopewa ardhi ya kukaa pale tangu mwanzo wa karne iliyopita, na vita vyao vya miaka na miaka kutafuta hati. Usinionyeshe mtaro.

Bibi wa Majengo

Mtu wa Eastlands mwanangu, umesema kweli. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema yeye anabonyeza.

Nimezaliwa Pumwani. Vijana wa matembezi hupita kwetu wakitokea Kariokor, baada ya kula nyama pale sokoni na kununua vyondo. Huwa wanaeleza vizuri habari za wapagazi wa vita vya kwanza vya Wazungu, waliobeba mizigo ya jeshi wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko risasi, na jina la Kariokor linatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Hilo sina neno nalo. Hata ile sanamu ya Kenyatta Avenue ina mpagazi, ingawa watu hutazama bunduki.

Siku moja kikundi kikasimama nje ya mlango wa jirani yangu. Kijana akasema mtaa huu ulianzishwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka Waafrika, sawa. Halafu akasema wanawake wa zamani wa hapa waliishi kwa kuuza miili. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha aibu. Nikatoka nje na leso yangu begani. Nikamwambia, mwanangu, umesema nusu, ngoja nikupe nusu nyingine.

Nyanya yangu alikuwa na nyumba Pangani, ile ya kale, si hii mnayoijua. Aliijenga mwenyewe, udongo na miti, vyumba vya kupangisha. Wanaume waliotoka mashambani kuja kufanya kazi reli na kwa Wazungu walilala wapi? Kwa akina nyanya yangu. Pangani ile wanawake wenye nyumba hawakuwa wachache, wakati ambapo kule vijijini mwanamke hawezi kusema hii ardhi yangu. Hela ile ilinunua ng'ombe za baba zao. Ilisomesha watoto wa ndugu zao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ikabomoa Pangani, wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo. Nyanya alihama na milango yake, aliing'oa akaibeba kwa mkokoteni. Mlango mmoja ninao, ndio wa chumba changu.

Hawakucheka tena. Na huyo kijana nampa haki yake: hakubishana, alikwenda akaazima kiti kwa jirani, akanikalisha, akawaambia watu wake wakae chini. Sasa akitaka kuja anapiga simu kwanza, na chai ananunua yeye.

Dada wa Ngara

Bibi, nimesoma hii nikiwa kwenye matatu nikapitisha steji. Heshima zako.

Umenikumbusha matembezi ya Harry Thuku Road. Wengi huipita wakienda chuoni au hotelini Norfolk. Thuku alikamatwa 14 Machi 1922 kwa kupinga kodi na kipande, na siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Wanaume viongozi wakaenda kuongea na serikali, wakarudi wakisema watu waende nyumbani. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake mbele yao akawaambia wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Umati ukasonga, risasi zikalia, na Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakafyatua zao. Nyanjiru ni kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilikubali vifo 21, waliokuwepo walihesabu zaidi.

Mwongozaji wetu alitusimamisha ng'ambo ya hoteli akatutaka tukadirie umbali kutoka baraza hadi barabarani. Ni karibu mno. Hapo ndipo niliielewa, si kwa tarehe. Barabara ikapewa jina la Thuku. Mimi nauliza tu, Nyanjiru amepewa nini?

Kijana wa Matembezi

Mimi ni mmoja wa hao wa kueleza kwa mikono miwili, na si yule wa Bibi. Niseme machache ya upande wetu.

Wengi tulijifunza wenyewe, kwa kusoma, kukaa Akaivu, ile hifadhi ya nyaraka za taifa pale Moi Avenue, na kuuliza wazee. Kampuni nyingine humlipa mwongozaji kwa kichwa cha mgeni, kwa hiyo anakimbia amalize vituo vyote apate kikundi kingine. Ndiyo maana mnaona Kipande House dakika tatu. Ukitaka matembezi ya maana, uliza mapema: tutasimama mara ngapi? Wakikuambia vituo ishirini kwa saa mbili, achana nao.

Jambo la pili, malipo ya wenye mtaa. Mimi nikimpeleka mtu kwa mzee, mzee anapata bahasha, na nawaambia wageni hivyo mwanzoni. Picha ni kwa ruhusa. Nimewahi kupoteza wateja kwa hilo na sijuti. Wenzangu wengine wanasema nawaharibia soko.

Msomaji wa Banda Street

Maktaba ya McMillan msiisahau. Watu hupiga picha na sanamu za simba mlangoni wakaondoka. Ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee, na haikufungua mlango kwa wengine hadi 1958. Ukiingia ndani ukaketi tu bila kuulizwa wewe nani, tayari umefanya ziara.

Ila hadithi kubwa iko kwa mtoto wake kule Kaloleni, ambako maktaba ya tawi imekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Nilikwenda kwa shughuli ya mtaa ya kuleta picha za zamani. Mtu anakuja na albamu ya harusi, inapigwa picha pale pale, anarudishiwa albamu yake. Wazee wakaanza kugombana kwa furaha: huyu kwenye picha ni nani, gari lilikuwa la nani, timu gani ya mpira ilishinda. Hatua chache kutoka hapo ni ukumbi wa Kaloleni, ambamo Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili, wakati wengine bado wanaomba viti zaidi kwenye baraza la kutunga sheria. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961. Watoto hucheza karate kwenye ukumbi huo huo. Mimi ningependa makavazi makubwa yaige hilo la albamu. Kila 18 Mei, Siku ya Makavazi Duniani, hotuba huwa nyingi na watu wa kuzisikiliza wamechoka.

Mfanyakazi wa Haile Selassie

Ombi moja kwa waongozaji. Mkifika bustani ya kumbukumbu ya 7 Agosti, pale Moi Avenue ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani, punguzeni utani. Majina 213 yako ukutani na baadhi yetu tunapita pale kila siku kwenda kazini kwa sababu hatuna njia nyingine. Mwaka 1998 si zamani kiasi hicho.

Kijana wa Matembezi

Umesikika. Mimi hapo huwa sisemi kitu, wageni wanasoma wenyewe.

Mpenda Ndege

Na ambao hamtaki huzuni, kila Jumatano asubuhi Nature Kenya hutembeza watu kuangalia ndege wakianzia Makavazi ya Kitaifa. Vaeni viatu vya kufungwa. Kuna shangazi mmoja pale anamtambua ndege kwa sauti kabla hujageuza shingo.

Dada wa Ngara

Swali: mama yangu anatembelea mkongojo na anataka kuja. Nimpeleke wapi?

Mtoto wa Reli

Mpeleke Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya PC, yaani mkuu wa mkoa, imejengwa 1913. Ndipo watu walipoandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo, na umbali wa barabara ulipimwa kuanzia hapo. Ndani kuna sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Ni ndogo, mtu anaimaliza bila kuchoka. Teksi iwateremshe karibu na mlango, kuvuka ile barabara si kazi ya mkongojo. Na mwende siku ya kazi, kabla ya foleni za jioni.

Mwalimu wa Gredi ya Sita

Bibi wa Majengo, kwa heshima, naweza kuleta wanafunzi waje wauone huo mlango? Tutafuata masharti yako.

Bibi wa Majengo

Waje Jumamosi, lakini mchana, asubuhi nina chama. Walete kumi, si darasa zima, chumba ni kidogo na kuna kuku wameatamia. Kila mtoto amuulize nyanya yake swali moja kabla ya kuja, aje na jibu. Na huyo anayeleta mawe aje pia.