Kayaki mbili, batu bane, Goma mpaka Idjwi na hema: munaona aje?

Himbi_Kafi

Jambo kwenu wote. Niko naomba shauri kwa benye banajua hili ziwa letu la Kivu kwa mikono yao, si benye banaliangaliaka tu kutoka barabarani. Tuko bane, mimi na bibi yangu na rafiki zetu wawili, na tuko na kayaki mbili za bahari, zile ndefu za kukaa batu wawili, tulizinunua kwa mzungu moja mwenye alikuwa anamaliza kazi yake hapa na anarudia kwao. Karibu mwaka sasa kila siku ya Mungu tunapiga kafi pembeni ya mji, masaa mbili ao tatu, kisha tunarudi nyumbani kula. Sasa moyo inataka kwenda mbali kidogo.

Panga yetu ni hii: mwezi wa saba, siku ya tano ya juma tunatoka kazi, saa tisa ya mchana tunaingia mu maji, tunakata moja kwa moja mpaka kisiwa ya Idjwi, upande wa kaskazini. Tunahesabu masaa sita hivi juu kayaki yenye mizigo inaenda kilometre 5 kwa saa kama maji imetulia. Tunalala kwa ufuko, kesho yake tunazunguka pembeni ya kisiwa, siku ya Mungu tunarudi. Tuko na hema mbili, sufuria, mbabula kadogo ya makala na shitingi moja.

Maulizo yangu: tunaweza kulala wapi bila kusumbua batu? Maji ya kunywa tubebe yote ao tuchote kule? Na hii mambo ya gazi, bibi yangu anaogopa sana, anasema ziwa inaweza kututapikia gazi usiku tukiwa mu hema. Nimjibu nini?

Mukubwa_Keshero

Mdogo wangu, safari ni nzuri, ile saa njo inaharibu yote. Saa tisa ya mchana ni wakati wa kutoka mu maji, hapana wakati wa kuingia. Asubuhi Kivu inalalaka kama sahani. Jua ikipasha milima na mawe, hewa ya juu ya ziwa inavutwa kwenda inchi kavu, na mwezi wa saba kuko tena ule upepo wa kiangazi wa kutoka kusini-mashariki wenye unapanda na urefu wa ziwa. Kivu iko na kilometre 90 hivi za urefu, kwa hiyo wimbi lenye linafika upande wetu wa Goma limekwisha kukomaa njiani. Wewe unalitazama kutoka Himbi unasema ni kadogo, ukikaa chini mu kayaki linakufika kifuani.

Mimi na ndugu yangu tulitoka Minova na mtumbwi saa nane ya mchana, tulikuwa batoto ya miaka kumi na nane, tulikuwa na haraka ya kufika Goma mbele ya giza. Saa ya kwanza hakuna shida. Saa ya pili maji ilianza kuingia kwa pembeni, kidogo kidogo, kila wimbi inaacha kikombe moja ndani. Ndugu yangu aliacha kafi akashika kipande cha bido ya mafuta yenye tulikata, akaanza kumwanga, na mimi nikabaki peke yangu kushika mtumbwi usigeuke. Ile plastiki ilikuwa imekatwa vibaya, ilimkata kidole gumba mpaka maji chini ya miguu yetu ikakuwa nyekundu, na hakusimama kumwanga hata dakika moja. Tulifika kwa mawe, hapana kwa bandari, na tulilala pale pale na nguo za maji. Mpaka leo nikiona mutu anaingia mu ziwa mchana na mizigo, namuitaka.

Na ona tena, masaa sita kutoka saa tisa inakufikisha saa tatu ya usiku. Ile saa mitumbwi ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo, iko kazini, ile inafungwa tatu pamoja na miti mirefu, taa mbele, nyavu chini. Wao banaangalia taa yao na samaki yao, kayaki nyeusi ya chini hawatakuona.

Kwa gazi, bibi yako asikilize hivi. Ni kweli iko nyingi, banahesabu kilometre kyubu 300 hivi za CO2 na 60 hivi za metani, lakini iko chini sana, mu maji ya zaidi ya metre 250, na yale maji ya chini ni mazito juu ya chumvi, hayapande ovyo. Kafi yako haifike kule hata ukiota. Mahali pa kuogopa kwa mutu wa hema ni mazuku, yale mashimo yenye gazi inakaa ndani, na mazuku iko inchi kavu! Nitarudia hapo, niko kazini sasa.

Mwana_wa_Idjwi

Karibu sana kwetu Himbi_Kafi, nimefurahi kuona batu banataka kuja Idjwi kwa kuona Idjwi. Ninakwambia kama vile ningeambia ndugu yangu: usikate ziwa na kayaki. Panda mashua ya mbao ya kwenda kisiwani asubuhi, weka kayaki zako juu, funga vizuri, lipa kama mizigo. Ongea na batu ya bandari siku moja mbele, uende kupima kama urefu inaingia, na uangalie batu na mizigo banajaza namna gani. Ukiona imejaa ngoja ya kesho. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua yenye ilitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku pale Goma, batu kwa makumi walikufa na inchi kavu ilikuwa inaonekana. Kila mutu avae gile ya kuelea hata ndani ya mashua, hapana kuikalia.

Ukishafika, kisiwa ni kikubwa, karibu kilometre 40 toka juu mpaka chini, na pembeni yake njo kuko utamu wa kayaki: vighuba vidogo vidogo, migomba mpaka kwa maji, batoto banakimbia ku mawe wakikuita. Kaa upande wa mangaribi. Upande wa mashariki Rwanda iko karibu sana, mpaka inapita mu maji na hakuna mutu aliipigia mstari, wavuvi wetu banakamatwaka juu ya kupita kidogo tu. Ukiona simu yako inakuandikia karibu Rwanda, geuza kayaki. Na mbele ya kutoka pitia kwa benye banasimamia ziwa, uwaambie tarehe, rangi ya kayaki na majina ya wote, uulize kama siku zile kupita kunaruhusiwa, juu mambo ya kwetu inabadirika na juma. Kama banasema hapana, ni hapana.

Kulala: hakuna ufuko bila mwenyewe. Hata pale unaona majani tu, iko shamba ya mama fulani. Kisiwa iko na chefferie mbili, ni kusema inchi mbili za machefu, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na kila kijiji iko na mukubwa wake. Fika mapema, saa nane hivi, salimia, uliza nyumba ya chefu, mwambie tuko bane tunaomba kulala usiku moja. Atakuonyesha mahali, mara nyingi karibu na nyumba ya mutu, na usikatae juu unataka kuwa peke yako, ule mutu njo mlinzi wako na njo atakwambia asubuhi kama upepo utaamka mapema. Ukifika usiku bila kujulisha, batu banafikiri ni wezi ya nyavu, na hapo sitakuficha, inaweza kuwa mbaya. Chakula musibebe mingi. Ananasi ya Idjwi, ndizi, mihogo, sambaza ya asubuhi, nunua kwa kijiji, inawasaidia na kayaki inabaki nyepesi.

Nyavu: asubuhi utaona bido ndogo ao vipande vya povu vinaelea mu mustari. Ni nyavu ya mutu. Zunguka, usipite katikati, kafi inaikamata na unairarua, na ile nyavu njo masomo ya batoto yake.

Dada_Nyawera

Mimi niko Bukavu, tunapigaka kafi upande wa kusini, nakubaliana na wote wawili na naongeza yenye haijasemwa. Himbi_Kafi, umesema mwaka muzima munapiga kafi. Mumewahi kujigeuza? Nauliza kweli. Mbele ya safari nendeni siku moja asubuhi mahali maji inafika kifuani, gile imefungwa, mugeuze kayaki kwa kupenda na murudie ndani, kisha mufanye tena pale miguu haigusi. Kayaki ya batu wawili ikijaa maji ni nzito kama ng'ombe, ile ya pili inapaswa kuja kuishika pembeni na kuinyanyua pua maji itoke. Musipoweza mara tatu bila kuchoka, basi safari ingoje. Angalieni tena vifuniko ya matundu ya mizigo, zile za mpira, moja ikikosekana ile sehemu inajaa na pua inazama. Yetu ilipotea, tulifunika na plastiki nzito na tukaikaza na mpira wa ndani wa gurudumu ya pikipiki, na ndani tuliweka bido tupu za kufungwa, ili hata maji ikiingia ikose nafasi.

Mizigo: maji na vitu vizito chini na katikati, hema na nguo ku pua na ku mukia, hakuna kitu juu ya kayaki yenye upepo unaweza kukamata. Mbabula acha nyumbani, makala ikilowana umebeba mawe. Utapikiwa ao utapika kwa mwenye nyumba. Kila mutu filimbi ku gile, simu mu plastiki mbili, tochi ya kichwa.

Maji ya kunywa: kolera haijaisha pembeni ya hili ziwa, tafadhali. Beba litre 4 kila mutu kwa siku ya kwanza, kisha chemsha ya kisima mpaka ichemke vizuri ao weka kidonge na ungoje dakika 30. Maji ya ziwa hata kwa kusukutua meno hapana.

Mwezi wa saba ni kiangazi na hapo umechagua vizuri. Mwenye atasoma hii na kutaka kwenda mwezi wa kumi ao wa tatu, ajue Kabare hapa kwetu ni mahali pa kwanza Afrika nzima kwa wingi wa radi, na ile mvua inavuka milima inafika ku ziwa kwa nusu saa. Ukisikia mungurumo uko mu maji, pwani yenye iko karibu njo pwani yako.

Mukubwa_Keshero

Nimerudia, mazuku sasa. Hii ni ya mwenye analala hema upande wetu, toka Goma kwenda Lac Vert, Bulengo mpaka Sake. CO2 inatoka mu myanya ya mawe ya volkano na ni nzito kuliko hewa, inakaa mu mashimo kama maji inakaa mu beseni, na usiku bila upepo inazidi. Haina rangi. Mahali pa kulala tafuta kwanza mijusi yenye imekufa, ndege, wadudu wengi chini bila sababu. Kule Bulengo niliona panya tatu na kunguru moja mu shimo ya metre moja, kunguru alikuwa amekuja kula panya. Tulishusha mushumaa na kamba, ilipofika chini ya ukingo moto ilikufa bila moshi. Mushumaa ikikufa wewe toka, usiinamie kuangalia, na mwenzako akianguka mule usiruke kumufuata, juu hivyo njo familia mbili zinaishaka pamoja. Hema iwe mahali pa juu. Na Tchegera isiwatie tamaa, ni kisiwa kizuri kimekunjika kama mwezi, lakini ni ya parc ya Virunga, bila ruhusa ya ICCN, benye banasimamia parc, hakuna kulala.

Himbi_Kafi

Asanteni sana, mukubwa, dada, na wewe mwana wa Idjwi. Nimesomea bibi yangu yote, kunguru imemugusa kuliko kilometre kyubu. Tumebadirisha: tunaomba konje ya siku ya tano, mashua asubuhi na kayaki juu, upande wa mangaribi peke, tunatembea saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tano, basi. Leo tulijaribu kujigeuza. Mara ya kwanza dakika kumi na mbili, mara ya pili nane, na mara ya tatu rafiki yangu alikosa nguvu kabisa ya kupanda. Kwa hiyo tunarudia kila asubuhi ya siku ya posho na ya Mungu mpaka tuweze, hata kama inatupeleka mwezi wa nane. Mwana wa Idjwi, kwa chefu tufike na nini mukononi?

Mwana_wa_Idjwi

Sukari kilo mbili, sabuni na chumvi, muzipe kwa mama ya ile nyumba munalala. Kama wanawaletea kasiksi, pombe ya ndizi, jioni pokeeni hata kikombe moja. Na mwezi wa nane ziwa bado iko pale, muniandikie siku mukijua, kuko mjomba yangu upande wa mangaribi, anaamka saa kumi ya usiku kila siku kuangalia upepo.